Milinganyo Nayo Ina Ngeli Zake

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, Kigoma mjini, Jumamosi moja asubuhi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimeondoa pale nilipokuwa natafuta chaki.

Walimu wenzangu, wazazi mliopata nafasi ya kuja, nanyi wanangu mliobanana kwenye madawati mpaka nje ya mlango: mwakeye!

Naona wa nyuma wameitikia na wa mbele wamecheka. Vizuri, tumeshaamka. Leo nataka tuizungumze fizikia kwa Kiswahili. Najua darasani mnaisoma kwa Kiingereza na mtihani wa taifa mtaufanya kwa Kiingereza, na leo sikuja kugombana na hilo. Nimekuja kwa sababu lipo jambo moja ndani ya fizikia ambalo nyinyi mnalijua tangu hamjaota meno. Jambo hilo ni ngeli.

Mkiambiwa "kitabu kimeanguka", mnatulia. Mkiambiwa "kitabu umeanguka", mnacheka. Hata mtoto wa miaka minne pale Ujiji atacheka. Hajui KI-VI wala M-MI, daftari hana, lakini sikio lake limekataa. Na angalieni limekataa lini: kabla hajauliza kitabu gani, kabla hajauliza nani amekiangusha, kabla hajatazama sakafuni kama kweli kipo. Sentensi imevunjika, basi hana haja ya kuichunguza zaidi.

Mlinganyo wa fizikia ni sentensi, na alama ya sawasawa ndiyo kitenzi chake. Kilicho kushoto lazima kipatane na kilicho kulia. Vilivyojumlishwa lazima vipatane vyenyewe kwa vyenyewe. Vikikataana, weka kalamu chini, usianze hata kuzidisha.

Katika mambo ya mwendo ngeli kuu ni tatu tu. Urefu, tunaandika L. Muda, T. Na tungamo, M, yaani ile kilo mnayopimiwa dagaa pale Kibirizi. Nyingine zote huzaliwa na hizi. Kasi ni urefu kugawanya kwa muda, L/T. Mchapuko ni kasi inayoongezeka kila sekunde, kwa hiyo ni L/T². Kani, ile nguvu ya kusukuma au kuvuta, ni tungamo mara mchapuko, ML/T². Wazo kwamba kila kipimo kina ngeli yake, na kwamba visivyopatana havijumlishwi, aliliandika waziwazi Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu chake cha joto cha mwaka 1822. Hizi herufi M, L na T tumezipata kwa Mskoti James Clerk Maxwell. Wao waliita dimensheni. Mimi nitaendelea kuita ngeli, na mwenye kinyongo anisubiri nje.

Sasa niwape aibu yangu.

Nilikuwa kidato cha nne. Swali lilikuwa la treni, na mtoto wa Kigoma ukimpa swali la treni anajiona amepewa zawadi, maana sisi ndio mwisho wa reli. Treni inakwenda mita 20 kwa sekunde. Dereva anafunga breki, kasi inapungua kwa mita 0.5 kwa sekunde, kila sekunde. Itasimama baada ya muda gani? Usiku mzima nilikuwa nimekariri milinganyo mitatu kwenye mwanga wa kibatari, na asubuhi ile mmoja ukanitoka kichwani, ukarudi umevaa herufi ya mwenzake. Nikaandika:

v² = u² + 2at

Hapo u ni kasi ya kuanzia, v kasi ya mwishoni, a mchapuko, na t muda. Nikaweka nambari. Sifuri ni sawa na 400 kutoa t. Jibu, sekunde 400. Nikalipigia mistari miwili chini, nikatoka nje ya chumba cha mtihani nikiwa wa kwanza, natembea kifua mbele.

Sekunde 400 ni dakika 6 na sekunde 40. Kwa jibu langu, treni ile tangu breki zifungwe hadi isimame ingekula kilomita 4. Abiria wangeanza kula migebuka yao dereva anapoanza kufunga breki, wakamaliza, wakanawa, wakafungasha, na bado inatambaa. Jibu sahihi lilikuwa sekunde 40. Nilipata sifuri kwa swali lile, na mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya darasa. Sitamtaja, na yeye alikuwa na haki yake.

Lakini utamu wa kosa lile niliugundua miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa mwalimu, nikimsahihishia mtoto wa mtu aliyekosea vilevile. Ile 400 haikuwa nambari ya kuokota. Treni ile husimama baada ya mita 400 kamili! Nilikuwa nimekokotoa umbali, tena kwa usahihi, nikaubatiza jina la muda. Nambari ilikuwa njema, ngeli ndiyo haikuwa yake.

Tuupime mlinganyo wangu hapa ubaoni. u² ni kasi mara kasi, L²/T². Ile 2 ni nambari tupu, haina ngeli, tuipite. a ni L/T², ukiizidisha kwa t, T moja ya chini inakatwa na T ya juu, inabaki L/T. Kwa hiyo nilikuwa najumlisha L²/T² na L/T, ambayo ni sawa na kumjumlisha mbuzi na barabara ya Kasulu. Nikiondoa t nikaweka s, yaani umbali, inakuwa L/T² mara L, L²/T². Imekaa. Kazi yote hiyo nusu dakika, kwenye kona ya karatasi, na ningeokoa alama zangu.

Wenzake wawili mnaweza kuwapima wenyewe. v = u + at: kasi, kasi, halafu mchapuko mara muda, ambao nao ni kasi. s = ut + ½at²: urefu, urefu, urefu. Mtu akikuletea s = ut + ½at, ameacha kipeo cha pili nyumbani, na utaona upande wa mwisho ni L/T ukiwa umekaa katikati ya L kama mgeni asiyealikwa.

Hapo sasa ndipo walimu wengi tunapoishia, tunafunga kitabu tukiwa na furaha. Mimi nataka tusogee mbele kidogo, kwa sababu kipimo hiki kina mipaka, na asiyeijua mipaka yake kitamdanganya.

Nikiandika s = ut + at², bila ile nusu, ngeli zinasemaje? Zinapita. Zote ni L. Lakini mlinganyo ni wa uongo. Rudini kwenye Kiswahili: "Ng'ombe ameruka ziwa mpaka Kalemie, Kongo." Sarufi yake haina doa. Mnyama mmoja, kiambishi chake kimekaa, kitenzi kimekaa. Je, ni kweli? Sarufi haiwezi kukuambia kama ng'ombe ameruka. Itakuambia tu kwamba aliyesema anajua kusema. Nusu ile inatoka mahali pengine kabisa: kama unaanza kutoka kusimama na kasi inapanda sawasawa mpaka ikafika at, basi kasi yako ya wastani ilikuwa nusu ya hiyo, na wastani mara muda ndio umbali. Hilo unalipata kwa kufikiri juu ya mwendo wenyewe, au kwa kupima. Ngeli hazikusaidii.

Na kuna upande wa pili, mlinganyo wa kweli unaoonekana umevunjika. Mzee wangu mmoja alikuwa mchimba visima. Alipima kina kwa kudondosha jiwe na kuhesabu: sekunde alizohesabu mara zenyewe, mara tano, unapata mita. Sekunde 2, mita 20. Alikuwa sahihi kabisa kwa kazi yake. Andikeni h = 5t². Kushoto L, kulia T². Umevunjika? Hapana. Ile 5 siyo tano ya mayai. Ni nusu ya mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.8 gawanya kwa mbili, ikakadiriwa. Ina ngeli yake, L/T², imeificha mfukoni. Ndiyo maana ukimpelekea anayepima kwa futi, tano inageuka kuwa kumi na sita. Nambari tupu haibadiliki kwa kubadilisha futi kwa mita. Ikibadilika, jua ina kitu mfukoni. Likumbukeni hili jiwe la kisima.

Tumezungumza kukagua. Lakini ngeli zinaweza pia kutangulia, zikakuonyesha mlinganyo hata kabla hujafundishwa. Chukueni bodaboda inayoshuka mteremko kuingia mjini. Mbele, mtoto anavuka. Bodaboda itahitaji umbali gani kusimama? Unategemea kasi aliyokuwa nayo, na ukali wa breki, yaani mchapuko wa kupunguza. Tunataka L tupu. Kasi ina T moja chini, mchapuko una T mbili chini. Ili T zote zife, lazima kasi mbili zikabiliane na mchapuko mmoja: v²/a. Hakuna njia nyingine, jaribuni usiku mzima. Nambari ya mbele hatuijui (ni nusu, kama mlivyokwisha kujua), lakini tazameni tulichopata bila kuijua: ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Breki zikipunguza mita 5 kwa sekunde kila sekunde, aliye kwenye kilomita 36 kwa saa anasimama baada ya mita 10. Aliye kwenye 72 anahitaji mita 40, na hapo sijahesabu ule muda anaochukua kushtuka.

(Kijana mmoja hapa aliuliza uzito wa abiria umekwenda wapi, kwa kuwa yeye anapakiwa na gunia la muhogo. Nikamwambia ukishaujua mchapuko, uzito hauna pa kukaa. M ikiingia, nani ataifuta? Hakuna mwingine mwenye M kwenye orodha. Uzito wa gunia utaonekana kwenye swali jingine, la kani ngapi breki itoe.)

Nikawaita wawili mbele. Uzi wa mita moja, chini yake kufuli dogo la sanduku. Nikauliza ukumbi: nikifunga kufuli kubwa la geti, pembea itakwenda haraka zaidi, polepole zaidi, au vilevile? Mikono mingi ilisema haraka zaidi. Tukapima kwa simu, mizunguko kumi ya kwenda na kurudi. Kufuli dogo, kama sekunde 20. Kufuli kubwa, kama sekunde 20. Ukumbi ukapiga kelele kama goli limeingia.

Ngeli zilikuwa zimeshajua. Pembea ina urefu wa uzi, l, ina mchapuko wa mvutano wa dunia, g, na ina tungamo ya kufuli. Tunatafuta T. M haina wa kuifuta, itoke. l gawanya kwa g ni L kugawanya kwa L/T², inabaki T². Toa kipeuo, unapata T. Kwa hiyo muda wa pembea ni nambari fulani mara √(l/g). Nambari hiyo ni 2π, na ngeli haziwezi kuitoa, lakini uzi ukiukata ukabaki robo, sentimita 25, muda lazima uwe nusu. Tukaukata. Mizunguko kumi, sekunde 10.

Binti mmoja akauliza vipi pembea ikirushwa kwa upana mkubwa. Swali zuri kuliko majibu yangu yote. Pembe ni urefu wa tao kugawanya kwa urefu wa uzi, L kwa L, haina ngeli. Kwa hiyo ngeli ni vipofu mbele yake. Inaweza kuwemo ndani ya ile nambari ya mbele nisiione, na kweli imo: ukirusha kwa upana sana, muda unarefuka kidogo. Ndiyo maana nilirusha kwa upana mdogo.

Tazameni dirishani sasa. Ziwa hili la Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, kwa hiyo wimbi lililo katikati haligusi chini wala halina habari na chini. Linakimbia kwa kasi gani? Anayelivuta ni g, na lina urefu wake kutoka mgongo hadi mgongo. Kani za maji zinategemea tungamo, lakini M itatoka mlango uleule iliotokea kwenye pembea. Tunabaki na kipeuo cha g mara urefu wa wimbi. Nambari ya mbele ni kama 0.4. Wimbi la mita 10 linakwenda karibu mita 4 kwa sekunde, na la mita 40 linakwenda mara mbili yake. Wavuvi wanajua kwamba mawimbi marefu ya upepo wa mbali huwatangulia wenzao. Sasa likifika ufukweni, kina kinaingia kwenye hesabu, na mambo yanaharibika: nina urefu mbili, kina na urefu wa wimbi, na moja kugawanya kwa nyingine ni nambari tupu. Ngeli hapo zinanyamaza. Hawezi mtu kukuambia kwa ngeli peke yake wimbi litajikunja wapi.

Nambari tupu zenyewe lakini zina kazi. Mnaifahamu Liemba, ile meli yetu ya ziwani. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Urefu wake ni kama mita 71. Tuseme unataka kujua itapasua mawimbi ya namna gani, nawe una mfano wa mti wa mita 1 tu, unauvuta kwenye bwawa. Uuvute kwa kasi gani? Mhandisi Mwingereza William Froude alilishughulikia hili katika miaka ya 1870, kwenye bwawa la majaribio alilojenga Torquay. Kasi mara kasi, gawanya kwa g mara urefu: L²/T² juu, L²/T² chini. Nambari tupu. Nambari hiyo ikiwa sawa kwa meli na kwa mfano wake, mawimbi yanafanana. Kipeuo cha 71 ni kama 8.4. Liemba ikienda mita 5 kwa sekunde, mfano wako uvute kama sentimita 60 kwa sekunde. Wale mnaochonga vimashua vya mti na kuvifunga uzi ufukweni, mnavivuta haraka mno.

Kabla ya maswali, niondoe upotoshaji mmoja. Watu wakifundisha somo hili hupenda kuleta kisa cha chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika Mars. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi-sekunde, waliozipokea wakazisoma kama newtoni-sekunde, tofauti ya karibu mara 4.45. Kisa ni cha kweli, ila hapa si mahali pake. Kani mara muda ni ML/T, iwe ya paundi au ya newtoni. Ngeli zilipatana! Ukaguzi wetu ungekitazama chombo kile kikipotea na kusema "sawa". Ni kama mgeni anayehesabu saa za Kizungu, akaambiwa treni inaondoka saa 2 asubuhi, akafika stesheni saa 8 usiku na mizigo yake. Saa kwa saa, ngeli ileile, na bado ameota baridi kwa muda wa saa sita. Vizio, yaani mita au futi, newtoni au paundi, ni shughuli nyingine, vikaguliwe kwa jicho lake.

Nikauliza nani ana swali. Akasimama yuleyule binti wa pembea, daftari mkononi.

"Mwalimu, kwenye madesa yetu kuna mlinganyo wa umbali unaotembewa ndani ya sekunde ya n. Wanasema s = u + ½a(2n − 1). Nimeupima sasa hivi. Kushoto ni urefu. Kulia, u ni kasi na ½a ni mchapuko. Hata wao wawili hawapatani. Lakini majibu yake huwa yanatoka sahihi."

Ukumbi ukanyamaza, na walimu wenzangu wawili nao wakanyamaza. Nikamwambia aje mbele, nikampa chaki, nikamuuliza jambo moja tu: mzee wa kisima alificha nini mfukoni?

Akautazama ubao muda mrefu. Halafu mbele ya u akaongeza "mara sekunde 1". Mbele ya ½a(2n − 1) akaandika "mara sekunde 1 mara sekunde 1". Akasoma kwa kidole: kasi mara muda, urefu. Mchapuko mara muda mara muda, urefu.

"Na n yenyewe ina ngeli gani?" nikamuuliza.

"Haina, mwalimu. Ni ya kuhesabu tu, sekunde ya ngapi."

Akaweka chaki mezani, akarudi kukaa.